Risala ya Kikundi cha Wanafunzi wa Kemia ya Uhai kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Idara,
Walimu, mafundi wa maabara na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Muda si mrefu utaonyeshwa mashine yenye sumaku kubwa, na wageni wengi huipiga picha kisha wakaondoka. Kwa heshima tunakuomba uangalie pia mirija membamba iliyozamishwa kwenye nitrojeni kimiminika, kwani kazi ngumu imo humo.

Mheshimiwa, tunachunguza chuma kilichomo ndani ya vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia mwilini. Kimeng'enya kinapofanya kazi, chuma chake hupitia hali za kati ambazo baadhi hudumu kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Ile ya kimeng'enya kiitwacho saitokromu P450, hali inayojulikana kama Kampaundi I, yenye uwezo wa kung'oa hidrojeni kutoka kwenye kaboni, ilisakwa kwa miongo kadhaa hadi Rittle na Green walipoinasa na kuieleza mwaka 2010.

Hunaswaje? Vimiminika viwili huchanganywa kwa kasi, kisha mchanganyiko hugandishwa papo hapo, mbinu aliyoianzisha Bray mwaka 1961. Njia nyingine, ambayo sisi tunaipenda zaidi, ni kugandisha kwanza, kuingiza elektroni kwa miale ya gama kwenye Kelvini 77 (takribani nyuzi 196 chini ya sifuri ya Selsiasi), halafu kupandisha joto kidogo kidogo na kutazama hatua zikifuatana.

Hapo ndipo sumaku inapoingia. Mbinu ya EPR (mwangwi wa sumaku wa elektroni), iliyogunduliwa na Zavoisky mjini Kazan mwaka 1944, husikiliza elektroni pweke, yaani zisizo na mwenza, zikinyonya mawimbi ya maikrowevu. Chuma cha Fe(III), yaani kilichopoteza elektroni tatu, chenye spini ya juu (elektroni pweke nyingi) ndani ya hemu, ile pete inayoshika chuma, huonekana karibu na g = 6, g ikiwa namba inayoonyesha mahali alama inapotokea; nje ya hemu, mara nyingi 4.3. Dada yake, ENDOR, huenda mbali zaidi: huhoji viini vya atomu jirani. Kwa njia hiyo ilifahamika kwamba kimeng'enya cha nitrojenasi, kinachobadili nitrojeni ya hewa kuwa amonia, kikishapokea elektroni nne na protoni nne, huzihifadhi kwa sehemu kama haidridi mbili (hidrojeni zenye elektroni ya ziada), kila moja ikiunganisha atomu za chuma.

Tukiri pia mipaka. Fe(IV) yenye spini kamili, yaani idadi shufwa ya elektroni pweke, kwa kawaida haitoi alama kwenye EPR ya kawaida, na ukimya huo si ushahidi kwamba chuma hakipo. Ndiyo maana tunatumia pia spektroskopia ya Mössbauer, inayopima jinsi viini vya chuma vinavyonyonya miale ya gama na inayohitaji chuma-57, isotopu ambayo ni takribani 2% tu ya chuma cha asili.

Mheshimiwa, ombi letu ni moja. Vipimo vingi hufanyika karibu na Kelvini 4, kwa heliamu kimiminika, ambayo ikishachemka hupaa na kupotea. Tunaomba utusaidie kupata mtambo wa kuikusanya na kuirudisha kuwa kimiminika. Mashine nyingine mpya inaweza kusubiri.

Tunaomba kuwasilisha.