"Utapoa tu" haimtoshi mgonjwa wa saratani

Mhariri,

Mwanamke mwenye saratani ya shingo ya kizazi akiuliza, "Nitapoa?", hujibiwa "Utapoa tu, inshaallah," na muuguzi keshafika kitanda cha pili. Dua ni njema, ila kazi bado haijaanza. C. R. Snyder, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyagawa matumaini mafungu matatu: lengo, njia, na nguvu ya kuishika njia.

Lengo liwe dogo, lenye siku. Mionzi ya nje huwa kama vipindi 25, siku 5 kwa wiki, na dripu ya sisplatini, dawa ya saratani, mara moja kwa wiki, kisha mionzi ya ndani. Yote yamalizike ndani ya wiki 8. Ikipita hapo, uvimbe hupata mwanya. Basi mama ahesabu vipindi 5 vya wiki hii, asihesabu 25.

Kwa mtu wa Micheweni, huku Pemba, anayekwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, njia ni nauli ya boti, pa kulala na wa kubaki na watoto. Yaandikwe daftarini kabla hajavuka, kila moja na mbadala wake: dada akishindwa, shangazi. Aambiwe pia kwamba wiki ya pili au ya tatu huenda akaharisha. Asiyeambiwa hudhani dawa inamuua, akapanda boti kurudi.

Halafu swala, isiyokuwamo kwenye faili. Wengi huacha kuswali miezi kadhaa kwa sababu ya damu, wakajiona wametupwa. Damu ya ugonjwa ni istihadha, si hedhi, wala haizuii swala: hujisafisha, hujifunga pedi, hutia udhu wakati wa kila swala unapoingia. Muuguzi asitoe fatwa, amwite ustadhi. Harufu nayo humfanya ajitenge, na dawa ya metronidazoli, daktari akiiandika, huipunguza.

Ugonjwa ukishakwenda mbali, lengo hubadilika: kulala usiku mzima. Mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, hupewa kila baada ya saa 4, dozi ya kulalia ikawa maradufu ili asiamshwe. Dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyo hiyo; ikisahauliwa, atafunga choo na kuikataa mofini yenyewe.

Tunaomba kila mgonjwa mpya atengewe dakika 20 za mazungumzo haya, pazia limefungwa, yeye peke yake kwanza. Mume aitwe baadaye, mwenyewe akitaka.

Wauguzi,
Chake Chake, Pemba