Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Watoto Waielewe Ibada Yao

Ndugu wanachama wa chama chetu cha Wahindu, wazee wetu, kina mama, kina baba na vijana mliotoka Jinja, Iganga, Mbale na Tororo: Namaste.

Taarifa hii nimeiandika kwa Kiswahili badala ya Kigujarati, lugha ya wazee wetu waliotoka Gujarat, India, na najua wako wazee ambao jambo hilo halikuwapendeza. Naomba nitoe sababu kabla ya mengine yote. Zamani aliyeingia kwenye mkutano huu alikuwa Mgujarati, basi. Leo tunaye fundi wa mitambo kutoka Tamil Nadu na mhasibu kutoka Andhra Pradesh, kote kusini mwa India, binti aliyelelewa Kisumu, na mama wa Kisoga, kabila la wenyeji wa Jinja na Iganga, aliyeolewa kwetu, ambaye watoto wake wanaiimba arati, wimbo wa ibada ya taa, vizuri kuliko wangu. Wote hawa wakikaa pamoja, lugha inayowakutanisha ni Kiswahili cha dukani na sokoni. Wala si lugha ngeni kwetu. Duka, gari, laki, bima na chapati ni maneno yaliyovuka bahari pamoja na wazee wetu yakapata uraia kabla yetu.

Mwaka wenyewe naanza kuueleza kwa msiba, kwa kuwa msiba huo ndio ulioipa kamati kazi ya miezi yote iliyofuata. Tulifiwa na mama mmoja mzee ambaye karibu sote tulimwita Ba, yaani Mama. Watoto wake wako ng'ambo na hakuna aliyepata ndege ya kumfikisha kwa wakati. Pujari, kuhani wa hekalu letu, alikuwa safarini. Vijana walijitokeza kwa wingi, nawashukuru. Lakini tulipofika kwenye kumwosha na kumvika, na kisha mbele ya kuni za kuchomea mwili, tuligundua kwamba hatujui. Mwana wa kwanza asipokuwepo, nani ashike moto? Jani la tulsi, mrehani wetu mtakatifu, na maji ya Ganga, mto mtakatifu wa India, hutiwa mdomoni wakati gani? Maiti huzungukwa mara ngapi, kwa upande upi? Kijana mmoja alikuwa akitafuta mantra, maneno ya sala, kwenye simu na mtandao unakatika. Na mimi mwenyekiti wenu, mwenye wajukuu, nilisimama pale na bakuli la samli mikononi nikingoja mtu aniambie la kufanya.

Ba aliagwa kwa heshima, kwa sababu mzee wetu mmoja wa Mbale aliendesha gari usiku kucha akatufikia alfajiri. Siku ya tatu tulikusanya majivu tukayapeleka mtoni, kwenye chanzo cha Nile, maji yale yale yaliyopokea sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi mwaka 1948. Tulipokuwa tunarudi, mzee yule alinishika mkono akaniuliza: "Na mimi nikifa, mtamwita nani?" Swali hilo sikuweza kulijibu siku ile. Taarifa hii yote ni jaribio la kulijibu.

Ni haki kueleza mnyororo ulikatikia wapi, maana vijana hudhani ni uzembe tu. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, na muda waliopewa ulikuwa siku 90. Familia zilizokuwa hapa vizazi viwili, vitatu, zilitawanyika Uingereza, Kanada, India na kwingineko. Halmashauri ya mji wa Leicester, Uingereza, ilitoa tangazo katika gazeti la hapa kuwaomba wasiende kwao. Wakaenda, na leo Diwali, sikukuu yetu ya taa, ya Barabara ya Belgrave katika mji huo inajulikana Uingereza nzima. Walichokijua walikwenda nacho, na huko kimezaa. Huku kwetu mahekalu yalibaki bila waumini. Baada ya 1986 serikali iliwaita waliofukuzwa warudi, na katika miaka ya 1990 mali nyingi zilirudishwa kwa wenyewe. Lakini katika familia zetu hizi za mashariki, waliotangulia kurudi walikuwa wanaume wa biashara. Mabibi walibaki ng'ambo, na bibi ndiye shule ya kwanza ya dini yetu: yeye ndiye anayekanda unga huku mjukuu akirudia sloka, beti za sala, kando yake, bila daftari wala kengele. Nyumba ilirudishiwa hati zake, bibi hakurudi.

Sasa nije kwenye darasa la Jumapili. Nusu ya kwanza ya mwaka lilituangukia. Tulikuwa tukifundisha kama tulivyofundishwa sisi: herufi za Kigujarati ubaoni, watoto wananakili, kisha sala ya Kisanskriti, lugha ya kale ya ibada yetu, wanayoikariri bila kujua inasema nini. Mtoto anayeota ndoto zake kwa Kiingereza na kugombana kwa Kiswahili, ukimkalisha saa nzima juu ya herufi ambazo hataziona tena mpaka Jumapili ijayo, anachojifunza ni kwamba dini ni kitu kigumu cha wazee. Walipungua wiki baada ya wiki. Ikafika Jumapili moja waliokuwepo walikuwa watoto wa mwalimu peke yao. Baada ya Holi, sikukuu yetu ya rangi, tukalifunga, na kosa hilo ni letu sisi wanakamati, wala si la mwalimu aliyejitolea bila malipo.

Tulilifungua upya mwezi wa sita kwa njia nyingine. Hadithi kwanza, kwa Kiswahili na Kiingereza, na maneno ya Kisanskriti yanaingia baadaye mtoto akiwa tayari anayataka. Dada yetu mmoja aliyekulia Mombasa ndiye anayeliongoza. Anaanza kwa "Paukwa!" na watoto wanaitika "Pakawa!" hadi barabarani wanasikika, kisha anawaingiza kwenye Ramayana, utenzi wetu wa kale. Kisa cha Shravan aliyewabeba wazazi wake vipofu kwenye vikapu viwili mabegani kilichukua Jumapili mbili, kwa sababu watoto walikataa kisiishe.

Hapo pia ndipo tulipojua jinsi lugha zinavyogongana vichwani mwao. Kwa Kigujarati kaka ni baba mdogo, dada ni babu, na mama ni mjomba. Mtoto anaambiwa amwamkie dada, anamtazama dada yake mdogo kwa mshangao! Mwalimu alitenga siku nzima akachora ukoo ubaoni kwa lugha zote mbili, na wazazi walioketi nyuma wakajifunza pamoja na watoto.

Tumechagua sura moja ya Gita, kitabu chetu kitakatifu, ya kuhifadhi. Kitabu kizima kina sura 18 na beti 700, na mzigo huo hatutawatwisha. Tumechukua sura ya 12, inayohusu bhakti, yaani kumpenda na kumtumikia Mungu, yenye beti 20 tu. Ubeti wa 13 unamsifu asiyemchukia kiumbe yeyote, aliye rafiki wa wote na mwenye huruma. Mwalimu alimtaka kila mtoto auseme kwa maneno yake. Binti mmoja wa darasa la nne akasema: "Ni mtu ambaye hata mbwa wa jirani hamkimbii." Mimi nimeusoma ubeti huo maisha yangu yote na sijawahi kuusikia hivyo.

Jambo zito kuliko yote watoto wenyewe ndio walilolileta. Shuleni wenzao wanawauliza: kwa nini mnaabudu masanamu, kwa nini Mungu wenu ana mikono minne? Wengine walikuwa wameanza kuficha uzi mwekundu wa ibada wa mkononi kabla ya kuingia darasani. Kwa hiyo tulitumia mwezi mzima juu ya murti, yaani sanamu ya ibada. Tulieleza kwamba kabla ya prana pratishtha, ile ibada ya kuikaribisha pumzi, murti ni jiwe la fundi. Baada yake tunaikaribisha kama mgeni wa nyumbani: tunaiamsha, tunaiosha, tunaivika, tunaipa chakula. Tulieleza mikono minne ya Vishnu na kilichomo katika kila mmoja, kombe la baharini, gurudumu, rungu na yungiyungi, na kila kimoja kina somo lake. Kijana mmoja alirudi na jibu alilolitunga mwenyewe. Alimwambia rafiki yake: "Picha ya marehemu bibi yako iko ukutani kwenu. Ukisimama mbele yake unamkumbuka bibi, au unaikumbuka karatasi?" Rafiki huyo ni Mkristo, na Diwali alikuja kuwasha taa pamoja nasi.

Kuhusu masomo ya dini mashuleni, wazazi wengi wameniuliza. Katika mtihani wa kumaliza darasa la saba, maswali ya dini yamo ndani ya somo la jamii, na mtoto huchagua ya Ukristo au ya Uislamu. Sekondari pia, katika mtaala mpya ulioanza mwaka 2020, njia ni hizo mbili. Mzazi mmoja alitaka chama kidai watoto wetu watolewe darasani. Kamati ilikataa, na mimi naunga mkono uamuzi huo. Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 7, inasema Uganda haitakuwa na dini ya serikali, na ibara ya 29 inampa kila mtu uhuru wa kuabudu. Haki hiyo tunayo mkononi. Lakini mtoto wetu anaishi na majirani Wakristo na Waislamu, atafanya nao kazi, atawazika na wao watamuaga. Kuijua Injili au kisa cha Nabii Ibrahimu hakumpunguzii kitu. Kinachompunguzia ni kujua hayo huku ya kwao hayajui. Tulichowaomba walimu wakuu ni kidogo: siku ya Diwali mtoto aruhusiwe kukosa shule bila adhabu, kwa kuwa siku hiyo si sikukuu ya kitaifa. Wengi walikubali papo hapo. Shule moja haijajibu barua yetu, na katibu ataifuatilia.

Nije sasa kwenye lililotugawa. Katika Navaratri, sikukuu ya usiku tisa, usiku wa sita, mama yetu wa Kisoga niliyemtaja mwanzo alikabidhiwa sahani ya arati. Baadhi ya wanachama waliondoka. Wengine waliniandikia kwamba mtu huzaliwa Mhindu, hafanywi. Nimewasikiliza wote nyumbani kwao, mmoja mmoja, na hapa nasema msimamo wangu waziwazi. Mama huyu alikesha na Ba siku zake za mwisho. Anafunga Ekadashi, siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi mwandamo, ambayo wengi wetu tunaisahau. Waswahili husema mwacha mila ni mtumwa. Yeye mila ameishika, na sisi tutamwambia aiweke chini? Kamati imepiga kura: kila mwanachama aliyelipa ada na anayeshika ibada ana haki zote, pamoja na kuongoza arati. Wanaopinga wana haki ya kulileta suala hili mbele ya mkutano huu leo, na nitaheshimu kura yenu. Ila kwa hili sitanyamaza ili tu niwe na amani.

Msaada kwa wenye shida ulikwenda vizuri kuliko tulivyotegemea, na sifa zote ni za kina mama. Vijana wengi wanaokuja viwandani hukaa peke yao, na wakiugua malaria hospitalini hawana wa kuwapikia chakula kisicho na nyama. Kina mama wamepanga zamu: khichdi (mchele uliopikwa pamoja na dengu), dengu laini na maji ya nazi vinafika kitandani asubuhi na jioni. Muuguzi mmoja aliuliza kama mgonjwa wa kitanda cha pili naye angeweza kupata. Tangu siku hiyo sufuria ni kubwa zaidi, na hakuna anayeulizwa dini. Kijana mwingine alikuwa amenyimwa pasipoti yake na mwajiri. Wazee wawili walikwenda kuzungumza, kwa upole, na ikarudishwa.

Jengo: paa la ukumbi limezibwa, choo bado. Maktaba niliyowaahidi mwaka jana haikufunguliwa. Vitabu vimo kwenye maboksi nyumbani kwangu, na samahani. Hesabu za fedha mtazisikia kwa mweka hazina, na mahudhurio ya darasa yamo kwenye daftari la katibu, mezani, kila mtu aone.

Kamati ya misiba sasa ipo. Kila mji una watu wawili waliofundishwa, mwanamume na mwanamke, na mzee wetu wa Mbale ndiye aliyewafundisha kwa Jumamosi tatu mfululizo. Kuna sanduku lenye kitambaa cheupe, samli, ufuta, kafuri, msandali na chupa ya maji ya Ganga, na karatasi ya hatua zote, tangu kukata roho hadi siku ya kumi na tatu, kwa Kiswahili, Kigujarati na Kiingereza. Pujari ameisoma na kuisahihisha.

Yaliyobaki nawaomba leo kabla hamjatawanyika. Watoto wa Tororo hawana usafiri wa kufika darasani, tunahitaji wenye magari watatu wa kupokezana. Mwalimu anahitaji msaidizi, awe kijana, asiyeona aibu kuimba. Mabibi wote mlioko hapa, na mlio ng'ambo mtakaosomewa taarifa hii kwa simu, tunataka sauti zenu: hadithi, nyimbo za kulaza watoto, namna ya kupika prasad, chakula cha ibada. Katibu amekaa karibu na mlango na kinasa sauti, anaanza kuandikisha majina baada ya chai.