Achari ya Ibn Battuta

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Ujumbe wako nimeusoma nikiwa kwenye mashua, natoka Kisiwani. Unauliza: "Baba, Ibn Battuta muongo? Anasema Kilwa yote imejengwa kwa mbao!"

Kwa hilo la nyumba, yule mzee msafiri wa Morocco alikosea. Alifika mwaka 1331, na Msikiti Mkuu wa mawe ulikuwa umesimama zamani. Isitoshe, Sultani aliyemkuta, al-Hasan bin Sulaiman, ndiye ambaye jina lake limekutwa limechongwa kwenye jiwe pale Husuni Kubwa, magofu ya kasri lake. Unalikumbuka lile birika la pembe nane? Ulikaa ukingoni ukagoma kuondoka mpaka nikakubeba. Hayo mbao?

Lakini usimtupe bado. Husuni iko nje ya mji, na watu wengi wa wakati ule waliishi kwenye nyumba za fito na udongo. Tena kitabu hakukiandikia hapa. Alimsimulia mwandishi Ibn Juzayy kule Fez, Morocco, kikakamilika mwaka 1355. Miaka 24! Mimi nyumba niliyopanga Tanga kabla hujazaliwa siikumbuki hata mlango ulitazama wapi. Na huyo Ibn Juzayy naye hakukaa kimya: habari za Damascus na Makka zina vipande vizima vya Ibn Jubayr, msafiri aliyemtangulia.

Ninapomwamini ni mezani. Mogadishu alipewa wali wa samli na mchuzi, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na pembeni achari ya ndimu, pilipili, tangawizi na embe. Mjomba wako atasema embe angeweza kulijulia India, alikokaa miaka. Haya, na ndizi za maziwa je? Mama yako aliposikia alicheka, akasema huyo alikula kweli.

Kisha kuna kisa cha yule fakiri wa Yemen aliyemwomba Sultani wetu wa Kilwa, al-Hasan, nguo alizovaa mwilini. Sultani akaingia ndani, akabadili, akampa. Alipokufa akatawala nduguye Daud, na ombaomba akija hujibiwa kwamba aliyekuwa akitoa amekufa, wala hakuacha cha kutolewa. Kinanichekesha kila mara. Ila angalia: Ibn Battuta alituacha al-Hasan akiwa hai. Ya Daud aliyasikia baadaye kwa watu, akayapanga pamoja na aliyoyaona, wala hatuambii mpaka uko wapi. Hapo ndipo pa kumbana, mwanangu, kuliko kwenye mbao.

Na hizo mbao zenyewe, nifanyie kazi moja. Mtafute hapo chuoni mtu anayekijua Kiarabu vizuri, umuulize hilo neno lake "khashab": ni mbao tu, au hata boriti na fito zimo? Paa anasema ni za majani, na hilo halinisumbui.

Achari nimempa dereva wa basi la alfajiri, chupa mbili. Moja ni ya mwenzako wa chumbani.

Baba yako