Idi Mubarak jamani, na hii Idi ya Sisilia ya mwaka 1185

Assalamu alaikum ndugu, jamaa na marafiki, mwezi umeandama, Mfunguo Mosi ndo huo umeingia, taqabbala Allahu minna wa minkum. Mungu atupokelee funga zetu na vile visimamo vya usiku, na waliokuwa wagonjwa wakashindwa kufunga awape afya walipe. Zakatul fitri kama hujatoa basi itoe kabla ya swala, sio baada ya pilau, hili nalisema kila mwaka na kila mwaka kuna mtu ananinunia.

Sasa Ramadhani hii nzima nimekaa na Idi moja kichwani na wala si ya kwetu, ni ya Sisilia, kile kisiwa kikubwa cha Italia. Sisi tukiambiwa Waislamu wa Ulaya zamani tunakimbilia Andalusia, Cordoba, Granada basi, wakati Sisilia nayo Waislamu walishuka pale Mazara mwaka 827 wakitokea upande wa Tunisia, na aliyeongoza jeshi alikuwa kadhi mzee, Asad ibn al-Furat, mwanachuoni wa fiqhi kabisa (akafia huko mwaka uliofuata wakiwa wameizingira Syracuse). 831 wakaichukua Palermo ikawa ndo mji mkuu, na Ibn Hawqal, msafiri na mwanajiografia, alipopita 973 akasema una misikiti zaidi ya 300, ingawa wenyeji aliwaponda vibaya sana hasa walimu wa chuoni. Ndimu, miwa, pamba, mifereji ya kumwagilia mashamba, mengi yalishamiri enzi hizo. Alafu wakaja Wanormani, Wakristo wenye asili ya kaskazini mwa Ufaransa, Palermo ikaanguka 1072, na Noto, mji wa mwisho wa Waislamu, 1091, utawala kwisha.

Ila watu hawakwisha, na hapo ndo nilipotaka kufika. Mwishoni mwa 1184 Ibn Jubayr, Mwandalusia anarudi zake kutoka hija, meli ikavunjika karibu na Messina na Ramadhani ikamkuta kisiwani, kwenye nchi ya mfalme Mkristo, William II. Anaandika kwamba Waislamu wa Palermo wana misikiti isiyo na idadi, mingi ni vyuo vya walimu wa Qur'ani, adhana inasikika, lakini Ijumaa hawakusanyiki manake khutba wamekatazwa. Khutba wanayo sikukuu ya Idi tu, na ndani yake wanamwombea dua khalifa wa Baghdad, mfalme wa Palermo yupo hapo hapo! Yani wewe unayesinzia kwenye khutba ya Ijumaa na simu mkononi, wenzio walikuwa wanaingoja mpaka Idi.

Idi yenyewe, Januari 1185, ilimkuta Trapani. Watu wa mji walitoka na mkuu wao wa sheria kwenda uwanja wa swala kwa ngoma na mabaragumu, Ibn Jubayr akabaki anashangaa, kwanza hizo ngoma, alafu Wakristo wanaona na wananyamaza. Hapo hapo Trapani anasimulia mzee mmoja wa heshima aliyemtoa binti yake kwa mmoja wa mahujaji, amuoe akitaka au amuozeshe kwa mtu, mradi atoke naye kisiwani, na binti mwenyewe akakubali. Kwahiyo ngoma zinapigwa huku watu wanajua kwamba mambo yanaenda kubaya. Na yalienda kweli, kuanzia miaka ya 1220 Frederick II, mfalme wa Sisilia, akawahamisha Waislamu kwa nguvu wakapelekwa Lucera, Italia bara, na mwaka 1300 Charles II, mfalme wa Napoli, akauvunja mji ule, wengi wakauzwa utumwa.

(Watu wa Mombasa na Malindi msijione mko mbali na haya, mwanajiografia al-Idrisi aliyemaliza kitabu chake na ramani 1154 kwenye kasri la Roger II, babu yake William II, huko huko Palermo, miji yenu ameitaja.)

Kitu kingine, Ibn Jubayr siku ile hakwenda uwanjani. Aliswali msikitini na watu wenye udhuru, mgeni, na meli nazo zimezuiwa kuondoka kwa amri ya mfalme. Basi nyie mlioko ughaibuni leo mna shifti, mliokwama njiani, mnaoswali Idi wawili watatu kwenye chumba cha kupanga, salamu hizi ni zenu kwanza kabla ya sisi tunaogombania biriani huku. Pigeni simu mchana, video kabisa, watoto wanataka kuwaona na wanauliza mkono wa Idi unatumwa kwa namba ya nani. Idi njema, kullu aam wa antum bikheir.