Dada uliyenigeuzia kurasa, asante sana

Jina lako silijui, ila wewe dada uliyekaa pembeni ya piano ukanigeuzia kurasa masaa manne na zaidi, Mungu akubariki. For Philip Guston, ule muziki wa mtunzi Morton Feldman wa 1984, unapigwa kimyakimya mpaka karatasi ikikwaruza tu ukumbi mzima unasikia, na wewe ulikuwa unashika ile kona kwa vidole viwili, unainua taratiiibu, unasubiri noti izimike kabisa ndo unailaza. Kwenye lisaa la tatu nikapoteza hesabu, mkono unatetemeka, ukaniwekea kidole palepale kwenye mstari. Hukusema kitu. Nimemaliza kuinamia watu, nageuka, haupo! Ukiona hii nitafute, nataka nikushukuru ana kwa ana.