Kisa cha Randall Cunningham, kwa kipindi chako cha Jumamosi

Minneapolis, Minnesota

Sahibu yangu,

Assalaam aleikum. Huku tu wazima sote, ila baridi imeshaanza kuuma masikio. Nisalimie mama, na majirani wote wa mtaani.

Ama baada ya salamu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Unatafuta kisa cha mchezaji aliyeanguka, akasahaulika, kisha akainuka akiwa na timu nyingine, ukisimulie redioni Jumamosi. Ninacho, tena ninacho tangu nilipokuwa mwanafunzi hapa Minneapolis. Si cha soka yetu. Ni cha mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na kurusha kwa mikono, lakini usikikatae kwa hilo. Mwenyewe anaitwa Randall Cunningham. Nakuandikia kwa urefu kwa sababu kisa chake husimuliwa nusu, na wewe ndiye mwenye kipaza sauti.

Wasikilizaji wako waeleze kwanza kwotabeki ni nani. Karibu kila shambulizi huanzia mikononi mwake. Anapokea mpira, anawasoma walinzi, na ndani ya sekunde chache awe ameshaamua: amrushie nani, au akimbie mwenyewe. Kwa kuwa yeye ndiye mwamuzi wa shambulizi, miaka mingi nafasi hiyo ilihesabiwa kuwa ya wazungu. Vijana weusi waliong'ara nayo chuoni, wakifika ligi ya kulipwa, NFL, waliambiwa wahamie kwenye kukimbia au kudaka. Warren Moon, kwotabeki mweusi, alikuwa mchezaji bora wa Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo, Januari 1978, na mwaka huo hakuna timu ya NFL iliyomchagua. Akaenda Kanada, akatwaa Grey Cup, ubingwa wa huko, mara tano mfululizo, ndipo Houston, timu ya NFL, wakamsajili mwaka 1984.

Mwaka uliofuata ndipo Cunningham alipoingia, akachukuliwa na Philadelphia Eagles. Mrefu, mwepesi, mkono wa ajabu. Kuanzia 1987 hadi 1990, misimu minne mfululizo, hakuna mchezaji wa timu yake aliyekimbia yadi nyingi kumzidi, na hiyo kwa kawaida si kazi ya kwotabeki. Mwaka 1989 jarida la Sports Illustrated lilimweka kwenye jalada likamwita silaha kuu kuliko zote. Walikusudia sifa. Lakini silaha haifikiri, hushikwa na anayefikiri, na sifa zake nyingi ziliishia hapohapo: miguu, mkono, mruko.

Kuna tukio moja nataka ulitazame kabla ya kwenda hewani, maana video yake ipo. Oktoba 1988, Jumatatu usiku, Eagles na New York Giants. Cunningham anarudi nyuma kutafuta mtu wa kumrushia. Carl Banks, mlinzi mkubwa wa Giants, anamvamia miguuni, na mwili wote wa Cunningham unapinda kuelekea chini. Anaweka kiganja kimoja ardhini, anajisukuma, anasimama, anarusha. Jimmie Giles, mwenzake, anadaka na inakuwa tachidauni, yaani mpira umevuka mstari wa mwisho wa wapinzani, pointi sita. Kila inaporudiwa, husikii ila habari za mwili: usawa wake, misuli yake, namna alivyokataa kuanguka. Basi hebu tazama macho. Mtu amepigwa miguu, uso umekaribia nyasi, na bado anajua Giles yuko wapi. Huko ni kusoma mchezo, ndugu yangu.

Waliosema hajui kusoma ulinzi hawakuuliza alifundishwa na nani. Kocha wake, Buddy Ryan, alikuwa bingwa wa ulinzi, na ushambuliaji kwa kiasi kikubwa ulimtegemea Cunningham abuni papo kwa papo. Mwaka 1990 alirusha tachidauni 30 na kukimbia yadi 942. Bado ikasemwa kwamba ni mkimbiaji aliyepewa mpira.

Kisha yakamfika. Mechi ya kwanza ya msimu wa 1991, goti likaharibika, msimu mzima ukapotea. Mwaka 1993 akavunjika mguu. Mwaka 1995 kocha mpya akamweka benchi, na msimu ulipokwisha hakuna timu iliyomtaka. Mwaka 1996 hakucheza. Alikuwa mchambuzi wa televisheni ya TNT, na nyumbani Las Vegas akafungua biashara ya kukata graniti na marumaru za majikoni. Hapo usipite haraka. Mtu aliyeitwa silaha kuu kuliko zote anapimia watu meza za jikoni, ana miaka 33, na ligi inaendelea bila yeye.

Mwaka 1997 Minnesota Vikings walimchukua, awe akiba ya Brad Johnson. Mwaka 1998, mechi ya pili, Johnson akavunjika mguu, Cunningham akaingia. Kilichofuata mimi nilikiona hapahapa mjini. Timu ilishinda mechi 15 ikapoteza moja, ikafunga pointi 556, rekodi ya ligi wakati ule, iliyokuja kuvunjwa 2007. Yeye mwenyewe alirusha yadi 3,704, tachidauni 34, na mipira iliyonaswa na wapinzani ilikuwa 10 tu. Kwa kipimo rasmi cha urushaji hakuna kwotabeki aliyemzidi mwaka ule. Alikuwa na miaka 35, na hakuwa anakimbia tena kama zamani. Alikuwa anasimama, anasoma, anarusha.

Oktoba 5, usiku wa mvua, walikwenda Green Bay, ambako wenyeji walikuwa wameshinda mechi 25 mfululizo nyumbani kwao. Cunningham akarusha yadi 442 na tachidauni nne, Vikings wakashinda 37 kwa 24. Sebuleni bwenini tulipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Halafu ukaja uchambuzi. Sifa zikaenda kwa Randy Moss, kijana mgeni kwenye ligi, na Moss alistahili kila neno. Zikaenda kwa Cris Carter, naye alistahili. Zikaenda kwa Brian Billick, mpangaji wa mashambulizi, kwa akili zake. Cunningham akaambiwa ana bahati ya kuwa na wadakaji kama wale. Nimetazama mpira huu miaka mingi sasa. Kwotabeki mweupe akiwa na wadakaji wazuri, husemwa kwamba amewafanya wawe wazuri. Hilo limenikaa moyoni tangu ule usiku, na sitalizoea.

Januari 17, 1999, Atlanta Falcons walikuja Metrodome, uwanja wa Vikings, kwa mechi ya kuingia Super Bowl, fainali ya ligi. Vikings walikuwa mbele 20 kwa 7 kipindi cha kwanza kikielekea mwisho, Cunningham akapigwa mkononi, mpira ukamtoka, Falcons wakafunga. Hilo kosa ni lake. Baadaye, zikiwa zimebaki dakika mbili na sekunde chache, Gary Anderson, mpiga mateke wa Vikings, ambaye msimu mzima hakuwa amekosa teke hata moja la kupitisha mpira kati ya milingoti, akakosa la yadi 38. Falcons wakasawazisha, 27 kwa 27. Na hapa, yakhe, bado damu huchemka. Vikings wana mpira, zimebaki kama sekunde 30, timu iliyofunga pointi nyingi kuliko zote katika historia ya ligi. Kocha Dennis Green akamwamuru Cunningham apige goti, yaani apokee mpira na kugusa goti chini bila kushambulia, muda uishe, waende muda wa nyongeza. Huko Falcons wakashinda 30 kwa 27.

Lawama kubwa ilimwangukia Anderson, na Green akapata yake. Lile goti mimi naliona kama hukumu juu ya Cunningham, hata kama Green, aliyekuwa mmoja wa makocha weusi wachache wa ligi, hakukusudia hivyo. Msimu uliofuata ulianza kwa ushindi mara mbili na vipigo vinne, akaketishwa benchi, akaingia Jeff George. George akashinda mechi nyingi, na hilo likawa ushahidi: mnaona, ilikuwa ni Moss tu. Msimu wa 1998 ukaporwa hivyo mikononi mwa aliyeuongoza. Alichezea Dallas, kisha Baltimore, akastaafu.

Utaniambia hayo ni ya zamani. Mwaka 2003 Rush Limbaugh, akiwa mchambuzi wa televisheni ya michezo ya ESPN, alidai kwamba Donovan McNabb, kwotabeki mweusi wa Philadelphia hiyohiyo, anasifiwa kupita uwezo wake kwa kuwa waandishi wanatamani kwotabeki mweusi afanikiwe. Siku chache baadaye akajiuzulu. Msimu uliofuata McNabb akaifikisha timu Super Bowl.

Na hata kwenu huko hayako mbali. Mwaka 2020 kampuni ya RunRepeat, pamoja na chama cha wanasoka wa kulipwa cha Uingereza, ilichambua maneno ya watangazaji wa Kiingereza katika mechi 80 za ligi kuu za Uingereza, Italia, Uhispania na Ufaransa. Habari ya nguvu za mwili ilikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara sita kumhusu mchezaji mwenye ngozi nyeusi zaidi. Sifa za akili, zaidi ya asilimia 60 walipewa wenye ngozi nyeupe zaidi. Hao ndio tunaowasikiliza kila wikendi, kisha maneno yao tunayageuza Kiswahili tukiyarudia kwenye vibanda vya mpira na redioni: fulani ni mashine, fulani ana mapafu ya farasi, na yule mweupe anaona mbali. Tunasema hivyo juu ya watu wanaofanana na sisi, na hakuna aliyetulazimisha.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Jumamosi ukifika kwenye ule usiku wa Green Bay, usianze na mkono wake. Anza na alichokiona. Waeleze walinzi walikuwa wamesimama wapi, na kwa nini mpira ulikwenda kule. Wakati unao, kipindi chako ni cha saa nzima.

Na wakiuliza yuko wapi, waambie ni mchungaji wa kanisa Las Vegas, na ni kocha wa riadha. Binti yake Vashti, aliyezaliwa Januari 1998, alitwaa ubingwa wa dunia wa kuruka juu kwenye mashindano ya ukumbini, Portland, mwaka 2016. Alikuwa na miaka 18, na aliyemfundisha ni baba yake.

Kipindi kikirekodiwa nitumie kwa WhatsApp. Kama mkuu wako atasema mpira wa Kimarekani hauna wasikilizaji Mombasa, nijulishe mapema, nitakutafutia kisa cha soka chenye jambo hilihili. Havikosekani.

Wasalaam,
Nduguyo wa Minneapolis