Ada sifuri ya bima ya dawa isiwadanganye wazee wetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na Waswahili walioko Marekani, hasa wenye wazazi waliofikisha miaka 65. Kila mwaka, kuanzia Oktoba 15 hadi Desemba 7, dirisha la kubadilisha mipango ya Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, huwa wazi, na kila mwaka wazee hunaswa na maneno mawili: ada sifuri, yaani mpango wa bima ya dawa usiotoza ada ya kila mwezi.

Ada sifuri si bure. Mzee bado anadaiwa ada ya Sehemu B ya Medicare, inayogharamia madaktari, ambayo mwaka 2026 ni dola 202.90 kwa mwezi kwa watu wengi, na aghalabu hukatwa kwenye pensheni kabla hajaigusa. Tena mpango huohuo unaweza kumkamua kwenye duka la dawa.

Kazi ianzie kwenye chupa za dawa. Zitoe zote, uziweke mezani, uandike jina kama lilivyo kwenye kibandiko, miligramu, na idadi ya vidonge kwa mwezi. Herufi chache zinazofuata jina usiziruke. Metformin, dawa ya kisukari, na metformin ER si kitu kimoja machoni pa bima, na hiyo ER yenyewe ina aina zaidi ya moja: moja ni rahisi sana, nyingine ni ghali mara nyingi zaidi, kwa sababu tu ya namna kidonge kilivyotengenezwa ili kiyeyuke polepole. Ukikosea hapo, hesabu yote imeharibika. Na kama mzee anatumia ile ghali, daktari aulizwe kama anaweza kumwandikia nyingine. Asipoulizwa, huenda asijue hata bei yake.

Orodha hiyo iingizwe kwenye tovuti ya medicare.gov pamoja na maduka ya dawa mawili au matatu ya karibu, maana mpango mmoja hutoza bei tofauti duka hadi duka. Kisha tazama jumla ya mwaka. Tuseme mpango wa kwanza hauna ada, lakini dawa zinamgharimu mzee dola 85 kwa mwezi: hizo ni 1,020 kwa mwaka. Wa pili una ada ya dola 28 na dawa ni dola 22: jumla 600. Wa pili ndio rahisi, ingawa tangazo la kwanza ndilo lililopendeza.

Tangu 2025 kuna kikomo cha fedha anazotoa mzee mwenyewe kwa dawa. Kwa 2026 ni dola 2,100, na akizifikisha halipi tena hadi mwaka uishe. Wengi wamelala usingizi kwa sababu ya habari hii njema. Kikomo hicho huhesabu dawa zilizomo kwenye orodha ya mpango tu. Dawa iliyo nje ya orodha unailipa yote, wala haihesabiwi. Na orodha hubadilika kila Januari, ndiyo maana barua ya mabadiliko inayofika Septemba isitupwe pamoja na matangazo. Angalieni pia kama dawa inahitaji kibali kwanza, au kama bima inataka mzee ajaribu ya bei nafuu kabla ya hiyo.

Wako wanaomshauri mzee mwenye afya asubiri mpaka augue. Ushauri huo ni mbaya. Muda wake wa kujiunga ukipita, akakaa siku 63 au zaidi mfululizo bila bima ya dawa inayokubalika, kila mwezi kamili aliokosa humwongezea kwenye ada yake faini ya asilimia 1 ya kiwango cha taifa cha ada ya bima ya dawa, ambacho kwa 2026 ni dola 38.99. Aliyechelewa miezi 24 huongezewa dola 9.40 kila mwezi, maadamu yumo kwenye bima hiyo.

Mwenye kipato kidogo aombe Extra Help, msaada wa serikali wa gharama za dawa, kwa Social Security, ofisi ya hifadhi ya jamii; hupunguza ada na bei ya dawa, na anayeipata hatozwi faini hiyo. Kila jimbo lina washauri wa SHIP, mpango wa ushauri kuhusu Medicare, wasiouza bima yoyote wala kudai malipo. Lugha nayo isiwe kizuizi: ukipiga simu ya Medicare, 1-800-633-4227, ukaomba mkalimani wa Kiswahili, hulipi kitu. Ila msingoje wiki ya kwanza ya Desemba.

Msomaji wako,
Marekani